Caledonia, Loch Lomond au Flower of Scotland: uimbe upi ukiwa na Waskoti

Shoga yangu mmoja nesi yuko Dundee, kanipigia juzi usiku ana haraka kweli. Wodini kwao kuna dada Mskoti anaacha kazi, anahamia Australia na mume na watoto, kontena la vitu lishaondoka, sasa wenzake wanamuandalia kapati kadogo ka kumuaga na kwa vile wanajua huyu wetu anaimba kwaya kanisani wakamwambia na wewe utatuimbia mmoja, ila uwe wa hapa hapa kwetu. Akakubali. Ndo kaniuliza, dada, niimbe Caledonia au Loch Lomond, manake zote wanasema ni za kulilia nyumbani, alafu kuna mkaka mmoja kasema aimbe Flower of Scotland kwa sababu ndo kama wimbo wa taifa. Nikamtumia voisi lakini mambo haya kwenye voisi hayaenei, basi naandika, na najua tuko wengi huku, kila mwaka kuna harusi, kuna kuagana, kuna kwaya ya mtaa inayotaka kila mtu aje na wimbo, kwa hiyo na mwingine akiokota la kumsaidia sawa.

Kwanza kabisa tusiulizane upi mzuri. Zote nzuri. Swali la kuuliza ni hili, yule anayeimba ndani ya wimbo kasimama wapi? Kwenye Caledonia yuko mbali, nchi za watu, na kesho anarudi kwao. Kwenye Loch Lomond yuko njia panda, wawili wanaagana hapo hapo, na mmoja wao kwao atafika ila hatafika akiwa hai. Kwenye Flower of Scotland hajaenda popote, yuko nyumbani katikati ya watu wake na anamkumbusha jirani kwamba siku ile ulikuja na jeshi lako ukarudi kama ulivyokuja. Hizo ni hali tatu tofauti kabisa za kupenda kwenu, na ukichanganya unaweza kuimba vizuri sana alafu watu wakakuangalia tu, hawajui wakupigie makofi au wakae kimya.

Naanza na Caledonia kwa sababu ndo ninaoupenda, sifichi. Watu wengi wanadhani ni wimbo wa kale wa mababu, si wa kale. Aliyeutunga anaitwa Dougie MacLean, kazaliwa 1954, kakulia Perthshire, sehemu ya mashamba na misitu katikati ya Uskoti, na miaka ya 70 akiwa kijana wa ishirini na kitu alikuwa anazunguka Ulaya na wanamuziki wenzake, wanapiga barabarani wanatupiwa sarafu, wanalala hosteli, maisha ya ujana hayo. Siku moja yuko ufukweni Brittany, Ufaransa, hamu ya nyumbani ikamkaba, akautunga kwa kama dakika kumi tu, mwenyewe ndo anavyosimulia. Akarudi hosteli akawaimbia wenzake na kesho yake wakafunga mizigo wakaenda makwao. Mi hapo ndo nilipouamini huu wimbo, kwamba uliwasimamisha watu wakabeba mabegi. Rekodi ya kwanza ilitoka kwenye albamu ya 1978 aliyofanya na Alan Roberts, na albamu yenyewe wakaipa jina hilo hilo.

Ukisikia kiitikio mara ya kwanza unadhani anamwimbia mwanamke. Anamwambia nakupenda, nakuwaza muda wote, unaniita na mimi nakuja. Alafu unagundua kumbe mpenzi mwenyewe ni nchi. Sisi tuliolelewa na taarabu hilo halitushangazi hata kidogo, tumezoea wimbo unaokaa na fumbo lake mpaka mwenye kuimbiwa ajijue. Tofauti ni kwamba huyu jina kalitaja, ila kalitaja la zamani. Caledonia ndo Warumi walivyoiita ile nchi ya kaskazini ambayo hawakuweza kuishika yote, kama vile Wayunani wa zamani walivyoiita pwani yetu Azania. Hebu fikiria mtu wa Lamu au Lindi yuko Muscat mwaka wa kumi, anaililia pwani, na badala ya kusema Kenya au Tanzania anasema Azania. Papo hapo inakuwa si nchi yenye rais na pasipoti na uchaguzi, inakuwa mahali palipokuwepo kabla ya hayo yote. Ndo maana Caledonia anaimba anayetaka Uskoti ijitegemee na anaimba asiyetaka. Agosti 2014 walipokuwa wanafunga Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Hampden, Glasgow, MacLean mwenyewe alisimama akauimba, na ilikuwa imebaki mwezi mmoja na nusu tu watu wapige kura ya kujitenga au kubaki, familia zimegawanyika hadi mezani, na huo wimbo haukumuuliza mtu utapiga kura gani.

Lakini kinachonishika mimi ni woga uliomo. Anaanza kwa kukiri kwamba siku hizi chache anaogopa, anahisi kama anapeperuka, ndo maana anajisimulia hadithi za zamani na kujiimbia nyimbo za kwao asije akasahau katoka wapi. Na kwenye kiitikio anasema ikitokea akawa mgeni, hilo litamuumiza kupita huzuni ya kawaida. Mgeni jamani. Mi niko Glasgow mwaka wa tisa sasa. Nilivyoenda Tanga mara ya mwisho nilisimama kwa mama mmoja muuza mihogo, nikamwamkia, nikachagua mihogo yangu, akanijibu vizuri tu na uso mkunjufu, alafu akamgeukia dada yangu akamuuliza, huyu mgeni wako katoka wapi? Nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka pale alipokaa. Dada alicheka akamweleza, yule mama akaniongezea na muhogo mmoja wa bure, yakaisha. Usiku sikulala. Na wimbo uliokuja kichwani haukuwa wa kwetu hata mmoja, ulikuwa huu wa huyu Mskoti, kwa sababu yeye ndo alikuwa kashalisema.

Ubeti wa mwisho ndo wa kuuangalia kwa makini kama utauimba. Yuko peke yake mbele ya moto, chumba kitupu, moto uliokuwa unawaka kwa nguvu umeshapungua umekufa, na yeye kashajua kesho atafanya nini, atashikana mikono na watu, mabusu ya kwaheri, alafu atatoweka. Basi. Hakuna ngoma wala bendera. Yeyote aliyewahi kufungasha begi usiku wa mwisho anaijua ile saa ya kukaa tu, vitu vishaisha kupakiwa, hulali na huna la kufanya, unaangalia ukuta. Sisi huku hata moto hatuna, tuna hita ya ukutani, lakini Desemba jua la Glasgow linazama saa tisa na robo tatu, unatoka kazini giza uliingia giza, hiyo saa unakutana nayo mara nyingi kuliko unavyotaka.

Haya, Loch Lomond. Kwanza litamke sawasawa, na hapa sisi tuna bahati, manake ile ch ya mwisho ni kh yetu kabisa, kh ya Khamis, kh ya kheri. Nyumba ya wazee ninapofanya kazi kulikuwa na bibi mmoja wa visiwa vya magharibi, Kigaeli ndo lugha aliyonyonya, siku moja namfunika blanketi nikalitaja hilo ziwa nikiwa sina hata habari, akanyanyua kichwa akaniambia rudia. Nikarudia. Akanishika kifundo cha mkono akaniambia hapa kila mtu ananiambia lok, lok, kama kufuli, wewe umejifunzia wapi? Nikamwambia kwetu hiyo sauti tunayo, ilikuja na majahazi kutoka Arabuni. Toka siku hiyo nikiingia shifti ya usiku ananitajia maziwa yao moja moja na mi narudia, Loch Ness, Loch Awe, Loch Maree, mpaka usingizi umchukue. Kwa hiyo usiogope kulitamka mbele yao, utawafurahisha kuliko unavyofikiri.

Ziwa lenyewe ndo kubwa kuliko yote kwa eneo kwenye kisiwa kizima cha Britania, lina urefu wa kama kilomita 36, na ukipanda treni Glasgow mpaka Balloch hata saa nzima haiishi, kwa hiyo kabla hujauimba nenda kakae pale ukingoni, utajua anachokililia. Wimbo ulichapishwa 1841 lakini kisa wanachokisimulia nacho ni cha karibu miaka 100 nyuma. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa, alitua Uskoti kudai kiti cha ukoo wake, watu wengi wa milimani wakamfuata, wakashuka Uingereza mpaka Derby, wakageuza, wale walioachwa kuulinda mji wa Carlisle huko huko Uingereza wakakamatwa, na waliobaki wakaja kumalizwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746 kwa vita ambayo hata saa moja haikufika. Wafungwa wa Carlisle wengine wakanyongwa. Sasa kisa cha wimbo kinasema walikuwa wawili gerezani, mmoja anaachiwa, mmoja wa kunyongwa, na huyu wa kunyongwa anamwambia mwenzake, we pita barabara ya juu mi napita ya chini, na mi ndo nitatangulia kufika Uskoti. Barabara ya juu ni ya walio hai, miguu yako, matope, milima, siku nyingi. Ya chini ni ya wafu, roho ya aliyefia ugenini inarudi kwao kupitia chini kwa chini na hairudi kwa mwendo wa miguu. Ndo maana anatangulia. Ndo maana pia anasema yeye na mpenzi wake hawatakutana tena kwenye kingo zile. Wapo wanaokisimulia kwa namna nyingine, kwamba anayeambiwa ni mpenzi wake wa kike aliyemfuata mpaka gerezani, ila barabara ya chini inabaki na maana hiyo hiyo.

Kwetu hili halihitaji maelezo marefu. Mtu wetu akifariki huku siku hiyo hiyo grupu la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anachaguliwa, majina yanaorodheshwa na ahadi pembeni, tunachangishana mpaka mwili ufike nyumbani uzikwe na wa kwao. Huyu wa Carlisle hakuwa na wa kumchangia, roho yake ikajirudisha yenyewe. Mi nilivyoelezwa maana ya barabara ya chini mara ya kwanza, na aliyenieleza alikuwa dereva wa basi la kazini asubuhi moja ya mvua, nilishuka kituo kisicho changu.

Na bado wimbo huo wa mtu anayekwenda kunyongwa ndo wanafungia harusi. Hii ilinichanganya sana mwanzo. Kuna bendi ya kisiwa cha Skye inaitwa Runrig, ilianza 1973, walikuwa wanaimba na kwa Kigaeli pia, wao wakauchukua Loch Lomond wakaupanga uanze polepole kabisa alafu ngoma na gitaa za umeme zinaingia, na 2007 wakaurudia na mashabiki wa timu ya taifa kwa ajili ya kuchangia watoto ukafika namba 9 kwenye chati za Uingereza nzima. Hiyo vesheni ndo ya harusi. Saa za mwisho mwisho DJ anaiweka, watu wote wanaingia uwanjani wanashikana mikono duara kubwa, bwana na bibi harusi katikati, beti za mwanzo mnayumba tu taratibu mababu na watoto pamoja, alafu ngoma ikiingia duara zima linakimbilia katikati mikono juu na kurudi nyuma, tena na tena. Mi nilikuwa nimeshika mkono wa mzee mmoja aliyevaa kilti, ile sketi yao ya wanaume, na upande wa pili mtoto wa miaka kama sita, yule mzee mashavu yamelowa na anakimbia kama kijana. Hapo ndo nikaelewa kwamba huu wimbo wakiwa pamoja hawaulilii kifo, wanasherehekea kwamba sote tuliopo kwenye duara tumefika. Kwa hiyo Loch Lomond ina sura mbili na lazima uchague unaimba ipi, ya taratibu ya gerezani au ya duara. Ukianza ya taratibu peke yako watu wakitegemea ya duara, utaona wanavyojitayarisha kuruka na we hauruki.

Kwa kuongezea tu, kama unataka vesheni nyingine kabisa tafuta ya Maxine Sullivan, dada mweusi wa Marekani aliyeuimba kwa swing, mtindo wa jazi, 1937 na ukavuma sana, mwepesi, mtamu, kama anatembea kwenye ncha za vidole. Inafaa kama una kinanda na sauti ndogo.

Flower of Scotland sitakaa nao sana kwa sababu kwa kazi ya shoga yangu haufai, ila nieleze kwa nini. Aliutunga Roy Williamson wa kundi la The Corries miaka ya 60, na unahusu vita ya Bannockburn, Juni 1314, mfalme wao Robert Bruce alipomshinda Edward wa Pili wa Uingereza. Mfalme Edward katajwa ndani kwa jina, kwamba alirudishwa kwao akafikirie upya. Uskoti haina wimbo wa taifa rasmi, lakini huu ndo unaoimbwa kwenye raga, na kwenye mpira wa miguu tangu 1997. Uliwashika hasa siku ya tarehe 17 Machi 1990 uwanja wa Murrayfield, fainali kama fainali, nani achukue ubingwa wote kati yao na Uingereza, nahodha David Sole akawaingiza wachezaji wake kwa kutembea taratibu kama wanakwenda kuzika, uwanja ukauimba huo, wakashinda 13 kwa 7. Ukiwa uwanjani, mazumari yao ya mfuko yanapiga ubeti wa kwanza alafu yananyamaza na watu makumi ya maelfu wanaendelea bila chombo, huwezi kubaki na vinyweleo vimelala. Ila ona, nguvu yake iko kwenye wingi. Mtu mmoja, wodini, wageni wengine ni Waingereza walioolewa humu humu, na unaimba kuhusu kumfukuza Edward? Na tena hamu ya nyumbani haimo kabisa, anayeuimba yuko nyumbani. Huu ni wa kuuimba ukiwa mmoja kati ya wengi, ujifunze maneno uende nao uwanjani.

Nyingine watu huwa wanazitaja, ile ya mashua ya kwenda Skye, tamu kwa kubembelezea mtoto na ina historia hiyo hiyo ya 1746, maneno yake yalichapishwa 1884. Na Auld Lang Syne ni ya mwaka mpya na ya kufunga shughuli, itaimbwa tu hata usipoipanga.

Sasa kwenye uimbaji wenyewe. Caledonia ina maneno mengi ubeti mmoja, imetungwa kama mtu anaongea, kwa hiyo pumzi ndo kazi, usiivute kama tenzi za kanisani, ongea nayo, acha sentensi iishe ndo upumue. Kodi zake za gitaa ni zile za kawaida mwenye miezi sita ya gitaa anaziweza. Kiitikio kinapanda, kwa hiyo anzia chini kuliko unavyodhani unahitaji. Loch Lomond ni rahisi kushika, tuni yake ukiisikia mara mbili unayo, na watu wote wataingia kwenye kiitikio utake usitake, ambayo ni raha kama una wasiwasi wa kusimama peke yako. Ila lahaja yao imo, usiibadilishe iwe Kiingereza cha shule, inakufa. Kuhusu vesheni za kusikiliza Caledonia, ya MacLean mwenyewe ndo ya kujifunzia, sauti imetulia. Ya Frankie Miller, huyu ni wa Glasgow, sauti ya mkwaruzo, ilikuwa kwenye tangazo la bia ya Tennent's la 1991, kijana kachoka na London anapanda treni kurudi Edinburgh, 1992 ikatoka kama singo, hiyo ni nzuri kwa mwanaume mwenye sauti nzito asiyetaka kulia hadharani. Dolores Keane wa Ireland kaiimba pia na mi kwa sauti ya mwanamke nampendelea yeye. Zile za makundi yenye violini ishirini na taa za bluu mi zinanitoa nje ya kile chumba chenye moto unaozima, ni tamu masikioni ila nampoteza yule mtu.

Nirudi kwa huyu dada anayekwenda Australia, manake yeye ndo kipimo. Waskoti wako kama milioni 5 na nusu tu kwao lakini wametapakaa dunia nzima, wengine walitafuta maisha, wengine walifukuzwa kwenye ardhi zao kule milimani karne ya 18 na ya 19 ili wenye ardhi wafuge kondoo. Na kila walikofika waliweka jina la kwao. Nova Scotia kule Kanada ni Uskoti Mpya, Dunedin ya New Zealand ni jina la Kigaeli la Edinburgh, Blantyre ya Malawi ni mji mdogo alikozaliwa Livingstone hapa karibu na Glasgow, na Thogoto kule Kikuyu, Kenya, ni neno Skoti kwenye midomo ya wenyeji waliowapokea wamishenari. Mtu haiti mahali jina la kwao kama hapamuumi. Na sisi tumekuja njia hiyo hiyo kwa kugeuza tu, Mwalimu Nyerere kasoma Edinburgh 1949 mpaka 1952, miaka ambayo hakukuwa na simu ya kupiga Butiama jioni.

Kwa hiyo shoga yangu, mi ninavyoona. Ungekuwa unaimba wewe kama wewe, kwenye kwaya ya mtaa, wamekuambia leta wimbo wa Uskoti unaokugusa, chukua Caledonia bila kuuliza mara mbili, kwa sababu ni wimbo wa aliye mbali na wewe uko mbali, ukisema neno la nyumbani watu wataona unamaanisha Tanga na hawatakasirika, watalia na wewe. Kama ni harusi au sherehe yoyote yenye watu waliokwisha kunywa na kula, Loch Lomond ya duara, na hata usiimbe peke yako, waachie. Kama ni msiba wa mtu aliyefia mbali, Loch Lomond ya taratibu, beti mbili, bila kuruka. Kama ni uwanjani, unajua.

Kwa kuagana ndo pagumu, na hapo ndo voisi yangu ilipokuchanganya. Ukifuata maana, wa kuagana ni Loch Lomond, mmoja juu mmoja chini. Lakini huyu dada anaondoka na watoto wadogo wanaokwenda kukua na lafudhi nyingine, na ukisimama umwambie kwa maneno hayo kwamba hatutakutana tena na kwamba wa kutangulia kufika ni aliyekufa, na wanajua maana wote pale, mi naona ni mzigo mzito wa kumbebesha mtu siku mbili kabla ya ndege. Caledonia kwa maana haijamfikia bado, yeye hajawa mbali, hajakaa na moto unaozima. Ila itamfikia. Mwaka mmoja au miwili iko siku atakuwa jikoni kwake Perth ya kule, nayo imeitwa kwa jina la Perth ya huku, jua linawaka Desemba, na ataukumbuka na sauti atakayoikumbuka ni yako. Basi muimbie Caledonia, solo, mapema, kabla ya keki na hotuba, na jioni ikiisha mwambie yule mkaka wa Flower of Scotland aweke Runrig mfanye duara na yeye mumuweke katikati.

Anzia chini. Pumua kabla ya kiitikio. Na ukifika ule ubeti wa moto, angalia dirisha, usimwangalie yeye, manake ukimwangalia hutamaliza.